Unyoya uliobanduka: Somo la gundi nililolipata kwa jirani

ILIKUWA Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya siku ya utamaduni shuleni kwetu, huku upande wa Mabanda, si mbali na njia iendayo mpakani Mugina. Wanafunzi kumi na wawili wa kikundi cha upinde walikuwa wamesimama mstari mmoja nyuma ya kamba. Mbele yao, hatua ishirini hivi, tulikuwa tumesimika kipande cha mgomba kiwe shabaha.

Kijana aliyekuwa zamu akavuta upinde, akaachia. Mshale ulikwenda kombo ukaangukia kwenye nyasi. Yeye mwenyewe akatoa ukelele, akaushika mkono wake wa kushoto.

Nilipomkimbilia niliona kitu kama mwiba mweupe kimezama kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Haukuwa mwiba. Ulikuwa uti wa unyoya wa mshale wake mwenyewe. Gundi ilikuwa imeachia upande wa mbele, ncha ya unyoya ikainuka, na mshale ulipopita juu ya ngumi yake kwa kasi ile, ncha hiyo ikaingia nyamani na kuvunjikia humo.

Zahanati walimtoa kile kipande, wakamsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda. Baada ya wiki mbili alikuwa anaandika kama kawaida. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu ingekuwa jichoni leo nisingekuwa na uso wa kuandika makala haya.

Lakini msomaji, maneno ya kijijini hayaponi haraka kama mkono. Mshale ule ulikuwa umetengenezwa na mtoto wa familia iliyorudi kutoka Tanzania. Aliyeumia ni mtoto wa familia ambayo haikuwahi kuondoka. Na familia hizo mbili zina shauri la shamba ambalo wakati ule lilikuwa limeshafika mara tatu mbele ya wazee. Ilipofika jioni nikasikia kwamba "mishale ya watu wa Tanzania ina sumu". Kesho yake mkuu wa shule akasimamisha kikundi.

Ukweli ni kwamba mwenye kosa alikuwa mimi, kwa kuwa gundi ile niliinunua mimi mwenyewe na kazi yote niliisimamia mimi.

Podo kutoka Ulyankulu

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Wenzangu waliokulia Katumba au Mishamo watanielewa nikisema kwamba sisi tulikuwa tunahesabu vijiji kwa barabara: huyu wa barabara ya 9, yule wa barabara ya 13. Nilisoma huko shule ya msingi, sekondari na ualimu, vyote kwa mtaala wa Tanzania. Kirundi changu kilikuwa cha nyumbani, cha kuombea chumvi na kusalimia wakubwa. Kati ya mwaka 2008 na 2009, zaidi ya watu 50,000 wa makazi hayo matatu walirejea Burundi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Baba alichagua kubaki. Amezikwa huko.

Kitu alichonipa siku ya kuondoka kilikuwa podo la ngozi lenye mishale saba.

Vijana wa leo huenda wasijue mishale ilitafutwaje wakati ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wanavijiji walijikusanya kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi. Ndio walioitwa sungusungu, na silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Mwaka 1989 sheria ya Tanzania ikawatambua rasmi. Zamu za usiku zilifika hadi kwetu, na baba, ambaye alikuwa mwepesi wa mikono, akawa anawatengenezea wenzake mishale. Sisi watoto tulitumwa kuokota manyoya ya kanga na kushika taa. Nakumbuka harufu ya nta iliyoyeyushwa kwenye kopo, na vidole vya baba vikiwa vyeusi kwa masizi.

Nilichokumbuka kilikuwa nusu tu. Ndiyo maana nilipoanzisha kikundi cha upinde shuleni, nikitaka watoto wa waliorudi na watoto wa waliobaki wawe na jambo moja la kufanya pamoja, nilichukua njia ya mkato. Nilikwenda sokoni nikanunua vichupa sita vya supa gluu iliyovuka kutoka Kigoma. Tulipaka vijiti vanishi ili vipendeze siku ya sherehe, kesho yake tukabandika manyoya, tukaanza kurusha. Kwa siku nne kila kitu kilikwenda sawa.

Baada ya ajali niliyatazama manyoya ya mishale ya baba. Yamepita miaka mingi, yamesafiri kwa lori hadi huku, na bado yameshika. Yangu hayakumaliza wiki. Nilimwendea mfanyabiashara aliyeniuzia gundi nikiwa nimekunja uso, nikamwambia amenipa mali mbovu. Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, gundi hiyo hiyo ndiyo iliyoshikisha soli ya kiatu ulichovaa." Nilitazama chini. Ni kweli.

Kwa mzee seremala

Siku iliyofuata nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwa kijana aliyeumia. Nilibeba ule mshale, maana nilitaka waone wenyewe kwamba hauna sumu wala hauna chuma. Ncha yake ni mti uliochongwa tu. Babu yake ni seremala wa siku nyingi. Alinikaribisha nikae kwenye benchi lake la kazi, akauchukua mshale, akavaa miwani, akakaa nao kimya kwa muda mrefu.

Kisha akanivutia unyoya wa pili kwa kucha. Ukatoka wote, laini, bila kupasuka.

"Mwalimu, tazama gundi imebaki wapi," akasema.

Nilitazama. Gundi yote ilikuwa imebaki chini ya unyoya, na juu ya gundi hiyo kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa kama ngozi ya kitunguu. Ulikuwa ni vanishi yetu.

Akanieleza kwamba gundi haikukosea. Gundi ilishika vanishi, na ilishika vizuri. Vanishi ndiyo ambayo haikukauka, haikushika mti. "Wewe ulibandika unyoya kwenye rangi," akasema, "hukuubandika kwenye mti."

Tangu siku hiyo, kila kitu kinapobanduka, kiwe mshale, kiti au jalada la daftari, natazama kwanza gundi imebaki wapi. Ikibaki yote kwenye kijiti, basi unyoya ulikuwa na mafuta au haukusuguliwa. Ikitoka na rangi, basi kosa liko kwenye rangi. Ikipasuka katikati, nusu huku nusu kule, basi ilipakwa nene mno, au imezeeka, au si aina inayofaa kazi hiyo. Kabla hujamlaumu muuzaji, soma kwanza palipobanduka.

Mzee akaniuliza swali la pili: "Na uzi uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nilichukua kioo cha kukuzia herufi nikachunguza mishale ya baba. Hapo ndipo nilipopata mshangao. Gundi yake ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Manyoya mengine yalikuwa yanacheza katikati. Kilichokuwa kimeyashika miaka yote hiyo ni kano ya ng'ombe iliyozungushwa mbele na nyuma ya kila unyoya.

Gundi ina kazi gani?

Kwa asiyejua, manyoya matatu ya mshale hayapo kwa ajili ya urembo. Huushika upepo upande wa nyuma, kwa hiyo mkia hubaki nyuma na ncha hubaki mbele. Mshale usio na manyoya huyumba, na ule ambao unyoya wake mmoja umeinuka huenda kombo, kama ilivyokuwa Jumamosi ile.

Gundi hulaza uti wa unyoya juu ya kijiti usiteleze wala kujikunja. Uzi hubana miisho miwili, hasa ule wa mbele, kwa sababu ndiyo sehemu inayopita juu ya mkono wa mpigaji. Kwa upinde wetu wa kienyeji, ambao hauna mahali maalumu pa kupumzishia mshale, mshale hulala juu ya ngumi. Mwisho wa mbele ukiinuka hata kidogo huwa ni kisu. Gundi pekee yaweza kutosha leo, ila uzi ndio utakaokulinda siku gundi itakapochoka.

Jambo hili wanadamu wamelijua zamani sana. Mwaka 1991, katika milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyeganda kwenye barafu kwa zaidi ya miaka 5,000. Podo lake lilikuwa na mishale 14, na miwili tu kati ya hiyo ilikuwa imekamilika. Manyoya yake yalikuwa matatu matatu, yamebandikwa kwa lami iliyopikwa kutokana na magome ya mti, kisha yakazungushiwa uzi mwembamba. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, mpaka leo hufunga manyoya ya mishale yao kwa kano za wanyama. Watu hao wawili, mmoja wa barafuni na mwingine wa nyikani, wamefikia jibu moja.

Gundi za asili

Nimejaribu kadhaa pamoja na mzee seremala. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Ulimbo: wengi hudhani ndio gundi ya mishale kwa vile unanata sana. Ulimbo hubaki unanata, haukauki ukawa mgumu. Ni mzuri kwa kunasa ndege, lakini unyoya uliobandikwa kwa ulimbo hutembea jua likiwaka, na vumbi lote la njiani hukaa hapo. Tena tahadhari: utomvu wa mnyaa na jamii yake huunguza ngozi, na ukiingia jichoni waweza kupofusha. Usimtume mtoto kuugema.

Gundi ya mgunga: ni ule utomvu mkavu unaookotwa kwenye migunga. Huyeyuka kwa maji, hubandika karatasi vizuri, na ni rahisi kwa watoto. Ubaya wake ni huo huo wa kuyeyuka kwa maji. Mvua moja tu, au hata umande wa asubuhi, na manyoya yako yako chini. Pia ikikauka sana hukatika kama kioo.

Gundi ya ngozi: hii ndiyo gundi ya maseremala wa zamani, na mzee wangu anaipenda. Mabaki ya ngozi mbichi au kano hulowekwa, kisha hupashwa moto polepole ndani ya maji kwa saa nyingi. Maji yasichemke, nyuzi joto 60 hivi zatosha, la sivyo gundi hupoteza nguvu. Chombo chenye gundi hukaa ndani ya sufuria ya maji moto, kisikae juu ya moto wenyewe. Hupakwa ikiwa ya moto, na unyoya ulazwe mara moja. Ikikauka hushika mti kwa nguvu ya ajabu. Faida nyingine ni kwamba ukitaka kutengeneza upya, mvuke wa maji moto huilegeza bila kuharibu kijiti. Adui yake ni unyevu. Wakati wa masika huku kwetu huchukua siku nzima kukauka, na huoza ikiachwa mbichi kwenye kopo. Kwa hiyo ni lazima baadaye uipake nta juu.

Utomvu na nta: huu nadhani ndio uliokuwa mchanganyiko wa baba, maana Tabora ni nchi ya asali. Huku tumetumia utomvu wa mipaina. Utomvu peke yake hukauka ukawa wa kuvunjika. Nta peke yake ni laini mno na huanza kulegea kabla hata haijafika nyuzi 62 hivi inapoyeyuka. Vikichanganywa kila kimoja hurekebisha mwenzake. Sisi tulitumia sehemu nne za utomvu kwa sehemu moja ya nta, na unga wa mkaa kidogo uliosagwa vizuri. Unga huo ndio masizi niliyoyaona kwenye vidole vya baba. Mchanganyiko huu haujali mvua. Lakini uyeyushe juu ya makaa, usiuache peke yake hata dakika moja, kwa sababu utomvu hushika moto haraka.

Kano: si gundi, lakini ndani yake kuna gundi yake yenyewe. Kano kavu ya mgongo wa ng'ombe hupondwa, huchambuliwa nyuzi nyuzi, hulowekwa kwa mate au maji ya uvuguvugu, kisha huzungushwa ikiwa mbichi. Ikikauka hujibana na kujishika yenyewe bila fundo.

Gundi za dukani

Supa gluu: hushika ndani ya sekunde chache kwa kutumia unyevu ulio hewani na juu ya vitu vyenyewe. Kwa hiyo wakati wa masika hufanya kazi haraka kuliko kiangazi. Tone dogo ni bora kuliko matone matatu. Ikiwa nene huchelewa kukauka na hushika vibaya. Ni ngumu lakini haipindi, hivyo mshale ukigonga kitu kigumu yaweza kukatika. Msiimwage kwenye pamba au kwenye uzi mnene wa pamba: hupata joto ghafla, hata ikatoa moshi na kuunguza vidole. Vidole vikigandana usivivute. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuviviringisha taratibu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi, usilazimishe kope zifunguke, nenda hospitali.

Gundi nyeupe ya maseremala: hii ndiyo ninayoipendekeza kwa shule. Haina moshi mkali, huoshwa kwa maji ikiwa mbichi, na inapenda mti na unyoya. Inahitaji subira: unyoya ubanwe kwa vibanio vya kuanikia nguo, na mshale ulale usiku kucha kabla ya kutumika. Ile ya kawaida hulegea ikilowa sana, kwa hiyo ipakwe nta juu.

Gundi ya viatu: hupakwa pande zote mbili, huachwa dakika kumi hadi kumi na tano mpaka isishike kidole, ndipo vitu hugandamizwa. Kwa soli ni nzuri. Kwa unyoya haifai sana, kwa sababu hubaki kama mpira na jua likiwaka unyoya huteleza kidogo kidogo. Lakini sababu kubwa ya kutoitumia shuleni ni nyingine, nitaieleza punde.

Gundi ya mirija miwili: huchanganywa nusu kwa nusu. Ina nguvu kuliko zote, lakini ni nzito na ni ghali. Wenye kutia kigumba cha chuma waiweke huko mbele. Kwa manyoya ni kupoteza fedha.

Namna tunavyofanya sasa

Kwanza, manyoya. Tunatumia ya bata mzinga na kanga wa kufugwa. Tai wala mizoga tumewaacha kabisa, kwani mwaka 2015 shirika la uhifadhi la IUCN liliweka aina kadhaa za tai hao wa Afrika katika kundi la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Manyoya yote matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto. Ukichanganya, kila unyoya huvuta upepo kwake.

Pili, uti wa unyoya hupasuliwa kwa wembe kwa urefu, kisha husuguliwa kwa msasa hadi ukae bapa. Mwisho wa mbele huchongwa uwe mwembamba kabisa, usiwe na bega.

Tatu, kijiti husuguliwa kwa msasa pale manyoya yatakapokaa na kufutwa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Baada ya hapo mkono usiguse, maana vidole vina mafuta. Vanishi, kama mtu anaitaka, hupakwa mwishoni kabisa, na haipakwi chini ya manyoya.

Nne, gundi hupakwa mstari mwembamba chini ya unyoya. Unabandikwa mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi zilizo sawa kuzunguka kijiti.

Tano, uzi wa nailoni au kano huzungushwa mbele na nyuma, mizunguko isiyopungua kumi, na tone la gundi huwekwa juu yake.

Sita, na hili halina msamaha: kabla ya kila mrusho mwanafunzi hupitisha kidole gumba taratibu juu ya mafundo ya mbele. Akihisi kitu kimeinuka, mshale unarudi mezani.

Niongeze jambo moja kwa waliorudi na mishale ya wazee wao kama mimi. Sumu ya mishale ya kienyeji yaweza kukaa miaka mingi bila kupoteza makali. Mshale wa zamani ambao huijui historia yake usimpe mtoto auchezee, hata kama ni wa babu yake.

Kwa wenzetu wa mpakani

Nina maneno mawili kwa ndugu zangu mnaovusha bidhaa kati ya Manyovu na Mugina, na nayasema kwa heshima, maana nilishawahi kumlaumu mmoja wenu bila haki.

La kwanza, gundi ina umri. Supa gluu iliyopigwa na jua juu ya meza ya soko huzeeka mapema. Ile ya majimaji ikianza kuwa nzito kama asali ikiwa bado ndani ya kichupa, imekwisha. Tazameni tarehe kwenye boksi kabla ya kununua kwa jumla, muiweke kivulini penye baridi, na muuze za zamani kwanza. Mteja wa gundi mbovu harudi mara ya pili.

La pili linahusu gundi ya viatu. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, Nairobi mathalani, watoto wasio na makao wanaivuta kwa pua ndani ya chupa ili wasahau njaa. Mvuke wake huharibu ubongo, na waweza kusimamisha moyo wa mtoto ghafla. Fundi viatu akija na kopo lake mnamfahamu. Mtoto wa miaka kumi akija na chupa tupu ya maji akitaka ya kupimiwa, huyo hana kiatu cha kushona. Faida ya kumuuzia ni ndogo mno kuliko hasara yake.

Kikundi kimerudi

Siku ya utamaduni ilipita bila wapiga upinde. Ilituuma. Lakini muhula uliofuata mkuu wa shule aliturudishia ruhusa kwa masharti matatu: mwalimu awepo kila wakati, mishale ikaguliwe, na mzazi mmoja wa kila upande aone jinsi inavyotengenezwa.

Kwa upande wa waliobaki alikuja mzee seremala mwenyewe. Kwa upande wa waliorudi alikuja baba wa yule mtoto aliyetengeneza mshale. Siku ya kwanza walikaa pande mbili za meza, kila mmoja akizungumza nami tu, kana kwamba mwenzake hayupo. Siku ya tatu au ya nne mzee alimwona mwenzake anazungusha kano, akamwambia: "Unaibana mno, itakata unyoya." Yule akalegeza. Ndilo neno la kwanza nililosikia wakiambiana lisilohusu shamba.

Sitaki kumdanganya msomaji. Shauri la shamba bado halijaisha, na gundi haitalimaliza. Liko kwa wazee, na kila mmoja bado anashikilia mpaka wake. Ila Jumatano mchana watoto wao wawili hukaa benchi moja, mmoja akishika kijiti, mwingine akipaka gundi, kwa sababu kazi hii ni ngumu kuifanya kwa mikono miwili tu.

Mishale saba ya baba sikuibandika upya. Nimeipaka nta kidogo juu ya kano isije ikaliwa na wadudu, nikaining'iniza darasani juu ya ubao. Watoto wakiniuliza kwa nini haijatengenezwa wakati gundi yake imepasuka, nawaambia wapande kwenye kiti wasogee karibu, watazame wenyewe kilichoishika.